Gari ya oto kwenye foleni: maswali yanayoulizwa kila siku

Hapa nimekusanya maswali ambayo watu wananiuliza tena na tena kuhusu kuendesha oto kwenye foleni, ile foleni ya kusogea hatua mbili unasimama, hatua tatu unasimama, mpaka paja linakufa ganzi. Wengi wanaouliza wametoka kwenye manyuo (gari unayobadilisha gia mwenyewe) juzi juzi tu, wengine wana oto miaka kumi ila bado wanabishana na abiria wao kuhusu N, ile gia huru. Mimi sio injinia, ni dereva niliyekaa sana foleni na kukaa sana gereji nikiangalia giaboksi zikifunguliwa, kwa hiyo kuna majibu nimeyapita haraka na kuna mengine nimejiachia.

Nikisimama kwenye foleni niache D (ya kwenda mbele) au niweke N?

Hili ndio swali namba moja na nadhani litaulizwa mpaka magari yaanze kujiendesha. Kama unasimama sekunde chache acha D, mguu ubaki kwenye breki, basi. Ukiona mmesimama kweli kweli, dakika moja na kuendelea, wa mbele wameanza kufungua milango kunyoosha miguu, hapo weka N, vuta hendibreki, pumzisha mguu.

Sababu yake ni hii. Ndani ya giaboksi ya oto kuna klachi (ndiyo, oto nayo ina klachi, ni sahani nyembamba nyembamba zimelowa kwenye oil) na kila ukitoka N kwenda D presha ya oil inazibana mpaka zishikane. Ule mshtuko mdogo unaousikia kiunoni ukiingiza D ndio huo. Mara moja moja haina shida, zimetengenezwa kwa kazi hiyo. Sasa chukua mtu anayefanya N, D, N, D kila mita tano, safari moja tu ya foleni ameshazibana na kuziachia mara mia, na kibaya zaidi anafanya kwa haraka, mbele pamefunguka, nyuma wanapiga honi, anaingiza D na hapo hapo anakanyaga mafuta kabla gia haijashika. Injini imeshapanda mizunguko, klachi zinakamata kwa kishindo. Hiyo ndio inayomaliza giaboksi, sio kukaa D.

Wa upande wa pili watakwambia kukaa D na breki kunachemsha oil. Kweli kuna joto linatengenezwa maana injini inasukuma na wewe unazuia, lakini injini ikiwa inaunguruma tu bila kukanyagwa mafuta joto hilo ni dogo na oil inapita kwenye kipoozeo chake. Tena magari mengi ya siku hizi yakiona umesimama kwenye D na breki umeikanyaga, yanalegeza klachi yenyewe kimya kimya, yaani yanajiweka karibu na N bila hata kukuuliza. Kwa hiyo usikose usingizi.

Gari yangu nikiachia breki inatembea yenyewe, ni ubovu?

Hapana, ndivyo ilivyo. Kwenye manyuo wewe ndio unaikata injini na magurudumu kwa mguu wa klachi. Oto ya kawaida badala yake ina tokikonveta, dude la mviringo kama boga la chuma lililojaa oil, limekaa kati ya injini na giaboksi. Chukua ndoo ya maji, koroga kwa nguvu na mti upande mmoja, halafu shikilia mti mwingine ndani ya yale maji, utausikia unasukumwa ingawa miti yenyewe haigusani. Tokikonveta ni hivyo hivyo, upande mmoja unazungushwa na injini na kurusha oil, oil inazungusha upande wa pili ambao umefungwa kwenye giaboksi. Katikati kuna kipande cha tatu kinachoielekeza oil irudi vizuri, na ndio maana oto ikiondoka inapata nguvu ya kuzungusha karibu mara mbili ya ile iliyotoka kwenye injini.

Kwa vile hakuna chuma kilichoshikana na chuma, unaweza kusimama na injini isizime. Kwa vile oil haiachi kusukuma, gari haiachi kutaka kwenda. Barabara tambarare itatambaa kama kilomita 5 hadi 10 kwa saa. Asubuhi injini ikiwa baridi itavuta zaidi kwa sababu mizunguko iko juu, na AC ikiwaka utaona tofauti kidogo pia. Ila ikiwa injini imeshapata moto na bado gari inavuta mpaka unasimama juu ya breki, ipeleke kwa fundi aangalie mizunguko ya injini, kitu hakiko sawa.

Sasa foleni yenyewe niiendesheje? Natumia mafuta na breki mpaka abiria wanatapika.

Pole kwa abiria. Tatizo liko hapo hapo kwenye swali, "mafuta na breki". Foleni ya oto inaendeshwa kwa pedali ya breki, mafuta unayaazima tu pale inapobidi. Wa mbele akisogea, usihamishe mguu kwenda kwenye mafuta. Legeza breki, gari itambae yenyewe, ukimkaribia unabana tena pole pole. Mguu wako unaweza kukaa juu ya breki nusu saa nzima bila kugusa mafuta na bado ukafika walipofika wenzako waliokuwa wanarukaruka kama chura.

Kitu cha pili ni nafasi na hapa ndio watu wanagoma. Usikimbilie kila mwanya unaofunguka. Waache wa mbele wasogee urefu wa gari mbili tatu hivi ndio na wewe uanze kutambaa, utashangaa mara nyingi wewe unatembea mfululizo wakati wao wanasimama na kuondoka, kusimama na kuondoka. Najua utasema watachomekea. Watachomekea kweli, wawili watatu. Mimi nilikuwa napambana nao zamani, nabana bampa kwa bampa, siku moja nikajiuliza nimeokoa nini nikakuta ni urefu wa gari tatu, na ile jasho lote.

Ukisimama, simama sehemu ambayo kutoka kwenye kiti unaona matairi ya nyuma ya gari la mbele yanapogusa barabara. Hapo una nafasi ya kukata kona ukatoka kama yule wa mbele akizimika, na ukigongwa nyuma hutasukumwa moja kwa moja ukamgonga wa mbele. Angalia pia kupitia kioo cha gari la mbele uone taa za breki za yule wa mbele yake, ukiona zimewaka wewe anza kulegea kabla hata huyu hajashtuka. Nyuma ya lori au basi huoni kitu, kaa mbali kidogo.

Na ile pua ya gari inayoinama ukisimama? Unabana breki kwa nguvu ile ile mpaka mwisho. Ikikaribia kusimama kabisa, kama nusu mita ya mwisho, legeza kidogo sana halafu ndio ushike. Jaribu mara kumi utaipata.

Jambo moja ambalo linagonga watu wengi na halisemwi. Kwenye manyuo ukisahau mguu gari iko N, haina pa kwenda. Kwenye oto ukigeuka nyuma kuokota chupa ya mtoto au ukainama kuangalia simu, mwili ukigeuka mguu nao unalegea, na gari inakwenda. Polepole, kimya, mpaka kwenye bampa ya mtu. Kama lazima ugeuke, hendibreki kwanza.

Mguu wa kushoto unafanya kazi gani?

Unapumzika. Kuna sehemu yake pale pembeni, uweke hapo uusahau. Siku yangu ya kwanza kwenye oto baada ya miaka ya manyuo, nilikaribia taa nyekundu na mguu wa kushoto ukaenda kutafuta klachi kama ulivyozoea, ukakuta pedali pana ya breki, ukaikandamiza mpaka chini kama klachi. Gari ilisimama pale pale, abiria wangu walikuja wote mbele na yule aliyekuwa nyuma yangu sitarudia alichosema.

Mguu wa kushoto umezoea kukandamiza chote, haujui kupima. Wapo wanaotumia miguu miwili na wanaiweza, ila kwenye foleni wengi wao mguu wa kushoto unakaa umeegemea breki muda wote, taa za breki zinawaka bila sababu, pedi zinasuguka, na siku ya kushtuka wanakanyaga zote mbili kwa pamoja. Mguu mmoja, pedali mbili, huwezi kukanyaga zote.

Nikiteremka mlima kwenye foleni nikaweka N si naokoa mafuta?

Hapana, na hii nimechoka kuisema. Injini yenye mfumo wa kupuliza mafuta kwa kompyuta, ukiwa kwenye D gari ikatembea bila kukanyaga mafuta na mizunguko ikiwa bado juu kiasi, kompyuta inafunga mafuta kabisa, magurudumu ndio yanazungusha injini. Ukiweka N injini inabidi ijiendeshe yenyewe isizime, kwa hiyo inakula. Yaani unafanya kinyume cha unachotaka. Juu ya hapo umepoteza msaada wa injini kushika gari, kazi yote inabaki kwa breki, na breki zikipata moto sana zinaanza kulegea.

Kwenye foleni ya kutambaa kabisa hiyo faida ya kufungwa mafuta haipo sana, mizunguko iko chini tayari, lakini hata hapo kushuka na N hakukupi kitu.

Kwa nini nisiweke P (ya kupaki) kabisa nikatulia?

P ina ulimi wa chuma unaoingia kwenye meno ya gia ndani ya giaboksi na kuzuia shafti inayopeleka nguvu kwenye magurudumu. Ulimi wenyewe ni mdogo. Mtu akikugonga nyuma ukiwa kwenye P bila hendibreki, kishindo chote kinaishia hapo. Halafu kutoka P kwenda D lazima upite R, gia ya kurudi nyuma, taa nyeupe zinamulika nyuma na jamaa wa nyuma yako moyo unamruka. Mmefungiwa njia nusu saa na umezima injini? Sawa, P na hendibreki. Foleni ya kawaida, hapana.

Na hendibreki ivute kabla ya P sio baada. Mguu kwenye breki, N, vuta hendibreki, legeza mguu gari ijikalie kwenye hendibreki, ndio uweke P. Wanaopaki mlimani wakaingiza P moja kwa moja ndio wale wanaosikia "ko!" siku wakitoa.

Foleni ikiwa mlimani je? Gari inarudi nyuma kidogo.

Usiishikilie kwa mafuta. Narudia, usiishikilie kwa mafuta. Kuna watu wana ufundi wao, wanakanyaga mafuta kidogo kidogo gari inaning'inia pale pale haiendi mbele wala nyuma, wanaona raha. Wakati huo tokikonveta upande mmoja unazunguka kwa nguvu na mwingine umesimama, nguvu yote inayotoka kwenye injini inabaki ndani kama joto, na oil ya giaboksi inapanda nyuzi haraka kuliko unavyodhani. Kama giaboksi yako ni ile ya klachi mbili, ni mbaya zaidi, nitaisema chini.

Shika kwa breki ya mguu. Mlima mkali na mmesimama muda, hendibreki. Kuondoka, vuta hendibreki, kanyaga mafuta kidogo mpaka uone pua inataka kunyanyuka, achia hendibreki. Magari mengi ya sasa yana kifaa cha kukushikia breki kama sekunde mbili baada ya kutoa mguu, zinatosha kabisa kuhamia kwenye mafuta, usiwe na papara. Na ndiyo, oto nayo inarudi nyuma, kule kutambaa kuna nguvu yake na mlima mkali unaishinda, kwa hiyo acha nafasi mbele na muombe Mungu jamaa wa nyuma yako naye awe ameacha.

Hizi L, 2, S, B na kile kitufe cha O/D nitumie lini?

Foleni tambarare, hutumii. D inatosha. Foleni ya mteremko mrefu, L au 2, yaani gia za chini (au B kwa wenye haibridi, gari za injini pamoja na mota ya umeme) zinafanya injini ikusaidie kushika, unapumzisha breki. Ukizima O/D giaboksi haiingii ile gia ya juu kabisa, inasaidia kwenye ile foleni ya kufika kilomita 50 ukarudi 30 ukafika 50 tena, maana giaboksi inaacha kubadilisha badilisha kila saa. S inaweka mizunguko juu, foleni itakurusha tu na kula mafuta.

Gari yangu ni CVT. Mwingine: yangu ni ya klachi mbili. Mwingine: yangu haibridi. Sheria ni zile zile?

Nimeyaunganisha maana watu hawajui hata walicho nacho, wanasema "oto" wanamaliza. Ukiangalia leva zote zina P R N D, ndani ni wanyama tofauti.

CVT haina gia za kuhesabika, ina mkanda wa chuma (au mnyororo) unaopita kwenye puli mbili zinazotanuka na kubana. Nyingi zina tokikonveta vile vile kwa hiyo zinatambaa kama kawaida na niliyoyasema juu yote yanahusu. Kitu chake ni kwamba haipendi kushtuliwa. Ule mtindo wa kukanyaga mafuta hadi chini kwa mita kumi halafu breki ya ghafla, mkanda ukiteleza juu ya puli mara moja unaacha mkwaruzo na mkwaruzo haufutiki. Kwenye CVT kuwa mpole, na oil yake ni yake, usikubali fundi akuwekee ATF (oil ya giaboksi za oto) ya kawaida eti "zote ni oil".

Klachi mbili, wengi wanaijua kwa jina la DCT, au DSG kwa upande wa Volkswagen, hapo ndio ubadilike kidogo. Hiyo kwa asili ni manyuo yenye klachi mbili zinazoendeshwa na kompyuta, haina tokikonveta. Ikitambaa, inatambaa kwa kuteleza klachi, kama dereva wa manyuo anayecheza na nusu klachi. Kuna za klachi zilizolowa kwenye oil, mfano DSG ya gia 6 ya DQ250, hizo zinavumilia joto. Kuna za klachi kavu, mfano DQ200 ya gia 7, hizo kwenye foleni zinaumia. Ukiwa nayo usitambae sentimita kwa sentimita, subiri nafasi ifunguke ya kutosha, ondoka vizuri mpaka klachi ishike kabisa, halafu simama na ukanyage breki vizuri, sio kuigusa gusa, maana breki ikikanyagwa sawasawa kompyuta inaachia klachi. Na kuishikilia mlimani kwa mafuta ni kuichoma, utaisikia harufu. Kuna na ile manyuo inayojibadilisha yenyewe kwa klachi moja, iweke kwenye kundi hili hili.

Haibridi za mtindo wa Toyota Prius, foleni ndio nyumbani kwao. Mota ya umeme inasukuma, injini imelala, ukibana breki umeme unarudi kwenye betri. Kutambaa kwake kumeigizwa tu na kompyuta ili ujisikie uko kwenye oto ya kawaida. Onyo moja tu, usikae N. Kwenye N betri kubwa haichajiwi hata kama injini inaunguruma, ukikaa nusu saa AC inapuliza betri inashuka na gari inaanza kukupigia kelele. Acha D, au weka P, kwenye P inajichaji yenyewe.

Mshale wa temperecha unapanda nikiwa foleni, nikikimbia unashuka. Nini hiyo?

Ukikimbia upepo unapoza rejeta. Ukisimama hakuna upepo, feni ndio kila kitu. Kwa hiyo cha kwanza kuangaliwa ni feni, haizunguki, inazunguka taratibu, au klachi yake imechoka kwa zile zinazozungushwa na mkanda. Cha pili maji ya rejeta yamepungua. Cha tatu rejeta imeziba, kwa ndani kutu na kwa nje vumbi na wadudu.

Ukiwa pale pale katikati ya foleni na mshale unapanda fanya hivi, zima AC, fungua vioo, washa hita ya ndani kwa moto wote na feni ya mwisho. Najua, joto juu ya joto, abiria watalalamika. Hita ni rejeta ndogo, inatoa moto kwenye injini na kuuleta kwako. Weka N na ukanyage mafuta kidogo mizunguko ifike kama 1,500, kama pampu ya maji inazungushwa na injini maji yatazunguka vizuri zaidi. Bado unapanda? Toka pembeni uzime. Usifungue kifuniko cha rejeta cha moto kwa sababu yoyote ile, mfumo una presha, maji mle ndani yako zaidi ya nyuzi 100 bila kuchemka na ukifungua yanachemka yote kwa mpigo kuelekea usoni kwako.

Oil ya giaboksi nibadilishe lini? Nimeambiwa ni ya maisha.

Maisha ya nani ndio swali. Fungua kitabu cha gari kwenye kurasa za sevisi, utakuta sehemu ya "matumizi magumu", na humo ndani foleni za simama-nenda zimetajwa pamoja na kuvuta trela na vumbi. Dereva wa foleni ni dereva wa matumizi magumu hata kama gari yako inang'aa. Mimi naenda kwa kilomita 40,000 hadi 60,000, na sijawahi kujuta.

Oil hii haifanyi kazi ya kulainisha tu. Ndiyo inayosukuma ndani ya tokikonveta, ndiyo yenye presha inayobana zile klachi, ndiyo inayobeba joto. Kawaida inafanya kazi kwenye nyuzi 80 hadi 95 hivi, ikivuka 120 inaanza kuchoka haraka, inakuwa nyeusi, inanuka kama kitu kilichoungua. ATF mpya mara nyingi ni nyekundu. Ikigeuka kahawia inazeeka, ikiwa nyeusi na harufu ya kuungua, klachi zimeshaanza kuliwa.

Kupima, gari nyingi zenye kijiti unapima injini ikiwa ya moto na inaunguruma, gari iko sehemu tambarare, leva P. Baadhi ya Honda unapima baada ya kuzima. Nyingi za sasa hazina kijiti kabisa, inabidi zinyanyuliwe. Na aina ya oil fuata kitabu, sio fuata duka. Toyota WS sio Dexron ya zamani, NS-3 ya CVT za Nissan sio ATF. Nilishawahi kukaa gereji fulani nikamwona fundi anachukua dumu moja anahudumia nalo gari tatu tofauti, nikawasha yangu nikaondoka.

Dalili gani zinaniambia giaboksi imeanza kulalamika?

Foleni inakuonyesha mapema kuliko barabara kuu, kwa sababu unaondoka mara nyingi. Unaingiza D au R inachukua sekunde mbili tatu ndio ishike. Unakanyaga mafuta injini inapanda sauti gari haiendi. Inatetemeka ikianza kuondoka kama inapita kwenye matuta madogo. Inashtuka ikibadilisha gia ya 2 kwenda 1 ukisimama. Inafanya vizuri asubuhi ikiwa baridi halafu baada ya saa moja ya foleni inaanza vituko, hiyo ya mwisho ni ya kuiangalia sana maana oil ikipata moto inakuwa nyepesi na presha inashuka. Kabla hujakubali kufunguliwa giaboksi, hakikisha kwanza kimo cha oil na uisome kompyuta. Mara nyingine ni sensa, au mauntini ya injini (raba inayoishikilia) imekatika ndio inayogonga.

Ile Auto Hold na injini kujizima yenyewe, niziache ziwe zinawaka?

Auto Hold iache, ni rafiki wa mguu. Ukisimama inashika breki yenyewe, ukigusa mafuta inaachia. Ila kwenye foleni ya kutambaa inakera, kila ukisimama lazima uguse mafuta ndio uondoke na gari inaruka kidogo, kwa hiyo mimi naiwasha mkisimama muda mrefu na kuizima mkianza kutambaa.

Injini kujizima inaokoa mafuta kweli pale mnaposimama dakika nzima nzima, injini ndogo ya petroli ikiunguruma bure inakula karibu nusu lita hadi lita moja kwa saa. Mkiwa mnasogea kila sekunde kumi haina maana, bonyeza kitufe chake uizime. Na betri ikifika wakati wa kubadilishwa weka ile ile ya aina yake, betri ya kawaida itakufa mapema.

AC niweke hewa ya ndani au ya nje?

Nyuma ya lori linalotoa moshi mweusi, ya ndani. Ila usiifunge safari nzima, mkiwa watu wanne vioo vimefungwa hewa inachoka na mnaanza kusinzia. Fungua ya nje dakika chache pale pakiwa na nafuu.

Naweza kuingiza R gari ikiwa bado inatambaa mbele kidogo?

Simama kabisa. Kabisa. Halafu R.

Imenizimikia katikati ya foleni, watu wanasema tusukume iwake.

Oto haiwaki kwa kusukumwa. Presha ya kubana klachi inatoka kwenye pampu inayozungushwa na injini, injini ikiwa imelala hakuna presha, magurudumu yatazunguka weee na injini haitajua. Kama imezima ukiwa bado unatembea, weka N ujaribu kuwasha hapo hapo, kwenye D haikubali. Breki na usukani vitakuwa vizito, kanyaga kwa nguvu, bado vinafanya kazi.

Ikikataa, washa hazadi, weka N ndio msukume pembeni. Funguo isitolewe, usukani usije ukajifunga. Leva ikigoma kutoka P kwa sababu betri imekufa, magari mengi yana kitundu au kitufe kidogo karibu na leva, ingiza funguo au bisibisi bonyeza ndio leva itoke. Kitafute leo ukiwa nyumbani mchana kweupe, kimefichwa chini ya kifuniko kidogo cha plastiki. Ukivutwa, magurudumu yanayosukuma gari yawe juu hewani, na kama ni ya kuvuta magurudumu yote manne ipandishwe yote juu ya gari la kubebea. Wakikwambia "kamba tu, ni hapo karibu", kataa.